Tuzo ya Mchunguzi wa Hewa na Moshi wa Jikoni

Mwaka 2018 Tuzo ya Tang ya maendeleo endelevu, inayotolewa Taipei kila baada ya miaka miwili, ilikwenda kwa wanasayansi wawili wa tabianchi. Mmoja ni James Hansen, ambaye mwaka 1988 aliliambia Baraza la Seneti la Marekani kwamba joto la dunia limekwisha kuanza kupanda. Wa pili ni Veerabhadran Ramanathan, mhandisi mzaliwa wa India aliyehamia Marekani na kuwa mmoja wa wachunguzi wakubwa wa angahewa katika kizazi chake. Haikuwa tuzo yake ya kwanza. Alikwisha kupata Tuzo ya Mazingira ya Volvo mwaka 1997 na Tuzo ya Tyler mwaka 2009, na mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulimtaja kuwa Bingwa wa Dunia.

Habari za heshima hizo zilipokelewa kwa furaha na watu wa hali ya hewa na wa mazingira. Katika wodi na zahanati ni nadra kumsikia mtu akilitaja jina la Ramanathan, na hilo ni pungufu la kujutia. Sehemu kubwa ya kazi iliyomletea tuzo inahusu kile ambacho binadamu anavuta puani, kinakotoka na muda kinaodumu hewani. Daktari wa kifua anayesoma maandishi yake hukuta humo wagonjwa wake mwenyewe.

Safari ya Ramanathan ilianzia katika kiwanda cha majokofu. Alipomaliza shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Annamalai, kusini mwa India, aliajiriwa Secunderabad, na kazi aliyopewa ilikuwa kutafuta kwa nini gesi ya kupoozea ilikuwa ikivuja kutoka katika majokofu. Kijana huyo hakujua kwamba gesi ile ile ingemfuata maisha yake yote. Mwaka 1970 alikwenda kusoma Stony Brook, New York, na huko, badala ya majokofu, akajikuta akichunguza hewa ya sayari za Mirihi na Zuhura. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walitangaza kwamba klorofluorokaboni, yaani familia ya gesi za majokofu, zinaharibu tabaka la ozoni. Wao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1995 pamoja na Paul Crutzen. Ramanathan aliuliza swali jingine kuhusu gesi hizo hizo: je, zinafanya nini kwa joto?

Dunia hupokea joto la jua, kisha hulirudisha angani kwa mionzi isiyoonekana kwa macho. Mvuke wa maji na kabonidayoksaidi huzuia sehemu ya mionzi hiyo, lakini huacha upenyo mmoja, mfano wa dirisha, ambamo joto hutokea. Ramanathan alikokotoa akaona kwamba klorofluorokaboni zinaliziba dirisha hilo hasa. Kwa hesabu yake, molekuli moja ya gesi hizo huzuia joto kuliko molekuli 10,000 za kabonidayoksaidi. Makala yake fupi ilitoka katika jarida la Science mwaka 1975. Kabla ya hapo mjadala wa joto la dunia ulikuwa karibu wote juu ya gesi moja tu. Baada ya hapo ikabidi kila gesi iliyotengenezwa na binadamu, hata ikiwa kidogo kiasi gani, ihesabiwe.

Gesi hizo zilikuwa wapi? Katika majokofu, katika viyoyozi, katika makopo ya marashi ya kupuliza. Zilikuwa pia mkononi mwa mgonjwa wa pumu. Kwa miaka mingi kilichoisukuma dawa ya salbutamol kutoka katika inhela hadi kwenye mapafu kilikuwa klorofluorokaboni. Baada ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 watengenezaji walilazimika kubadili, wakahamia haidrofluorokaboni, ambazo haziharibu ozoni lakini nazo ni gesijoto kali: ile itumikayo zaidi katika inhela hupasha joto zaidi ya mara 1,300 kuliko kabonidayoksaidi ya uzito uo huo, kwa kipimo cha miaka 100. Mwaka 2013 Ramanathan na wenzake walichapisha hesabu kwamba kuzipunguza haidrofluorokaboni kungeweza kuiepusha dunia na ongezeko la joto la hadi nusu digrii kufikia mwisho wa karne hii. Tarehe 15 Oktoba 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua. Makubaliano hayo yanaitwa Marekebisho ya Kigali, na inhela zimo ndani yake.

Hapa inafaa kusema jambo kwa uwazi, maana linaweza kueleweka vibaya na likadhuru. Mgonjwa wa pumu asiiache inhela yake hata siku moja kwa ajili ya tabianchi. Katika nchi tajiri kuna mjadala mkubwa wa kuhamia inhela za unga zisizo na gesi, na mjadala huo una maana kwao. Katika Afrika Mashariki wagonjwa wengi hawajawahi kuwa na inhela ya aina yoyote. Wanatibiwa kwa vidonge vya salbutamol, ambavyo huchelewa kufanya kazi, huudundisha moyo na kuitetemesha mikono. Kumhubiria mgonjwa wa namna hiyo juu ya gesi iliyomo katika kifaa ambacho hajakishika ni dhihaka.

Lakini kuna somo lililo sawa kwa pande zote mbili. Mgonjwa anayemaliza inhela ya salbutamol kila mwezi ni mgonjwa ambaye pumu yake haijadhibitiwa. Akipewa dawa ya kuvuta ya steroidi, akaitumia kila siku, akafundishwa kuivuta ipasavyo, na ikibidi akatengenezewa chombo cha kupitishia dawa kutokana na chupa ya plastiki ya mililita 500, kama utafiti wa Cape Town ulivyoonyesha tangu mwaka 1999 kwamba inafaa kwa watoto, hatahitaji kupuliza salbutamol mara kwa mara. Kifua chake kitatulia, na gesi itakayotoka itapungua bila mtu yeyote kuihubiri. Tiba nzuri na hewa nzuri hapa hazigombani.

Sehemu ya pili ya kazi ya Ramanathan inaigusa pwani ya Waswahili kwa karibu zaidi, kwa kuwa ilifanywa juu ya bahari yao. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi huvuma kutoka Bara la Asia kuelekea kusini-magharibi. Ndiyo pepo zilizoyaleta majahazi ya India na Arabuni hadi Unguja, Lamu na Kilwa. Katika msimu huo wa mwaka 1999 Ramanathan na Crutzen waliongoza uchunguzi mkubwa wa hewa ya Bahari ya Hindi, makao yake makuu yakiwa visiwa vya Maldivi. Walitumia meli, ndege na vituo vya visiwani. Walitarajia kukuta hewa safi ya baharini ikikutana na hewa chafu ya bara. Walichokikuta ni utando wa rangi ya kahawia wenye unene wa kilomita 3 hivi, uliotanda juu ya sehemu kubwa ya kaskazini mwa bahari hiyo, ukipunguza mwanga wa jua ufikao majini kwa kiasi cha asilimia 10.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Wingu hili lilikuwa la kinyume: uchunguzi wake wa baadaye ulionyesha kwamba kwa kuitia bahari kivuli hupunguza mvuke, na hivyo huweza kuzidhoofisha mvua za masika ya India. Ndani yake mlikuwa na moshi wa viwanda na magari, na masizi ya kuni, ya mabaki ya mazao na ya kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Kinachovutwa na mama mbele ya mafiga matatu ndicho kilichoonekana kutoka katika ndege juu ya bahari. Mwaka 2006 alirudi Maldivi na ndege ndogo zisizo na rubani, akazirusha tatu kwa pamoja, moja chini ya wingu, moja ndani yake na moja juu yake, ili kupima jinsi masizi yanavyolipasha joto tabaka zima la hewa. Mtu anayejua ugumu wa kupima kiwango cha oksijeni kwa mtoto anayelia atakiri kwamba huo ni upimaji wa kustaajabisha.

Jambo hilo lilizua ugomvi ambao haufai kusahauliwa katika shangwe za tuzo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipotoa ripoti mwaka 2002, wingu liliitwa wingu la kahawia la Asia, na wanasayansi na maofisa wa India wakapinga. Hoja yao ilikuwa na uzito. Mataifa yaliyochoma makaa ya mawe kwa miaka 200 yalikuwa yakihesabiwa kwa upole, na sasa mwanamke wa kijijini anayepika chapati kwa kinyesi cha ng'ombe alikuwa akionyeshwa kidole kama mchafuzi wa dunia. Jina lilibadilishwa baadaye, likawa mawingu ya kahawia ya angahewa, kwa kuwa yanapatikana pia juu ya mabara mengine. Ramanathan mwenyewe, kwa miaka mingi iliyofuata, amekuwa akisema bila kuficha kwamba uchafuzi mwingi wa hewa ya dunia unatokana na watu bilioni 1 walio matajiri zaidi, na kwamba watakaoteseka zaidi ni watu bilioni 3 walio maskini zaidi. Aliyasema hayo kwa Papa Francis mwaka 2014 katika uwanja wa kuegesha magari huko Vatikani, akiwa mjumbe wa Chuo cha Kipapa cha Sayansi na akiwa na dakika chache tu za kuzungumza.

Ugomvi huo una umuhimu kwa watoa huduma za afya kuliko kwa mtu mwingine yeyote, kwa sababu ndio wanaokutana ana kwa ana na mwanamke huyo. Akiambiwa kwamba moshi wake unaiharibu dunia, atakuwa amebebeshwa lawama isiyo yake. Ukweli ni kwamba yeye ndiye mgonjwa wa kwanza wa moshi huo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Hao ni wagonjwa wa moyo, wa kiharusi, wa nimonia, wa saratani ya mapafu na wa ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ambao katika vituo vingi huandikwa "pumu" kwa mazoea, au hutibiwa kama kifua kikuu kwa miezi sita ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Mwanamke wa miaka 55 ambaye hajawahi kuvuta sigara, anayepumua kwa shida akipanda ngazi tatu za zahanati, ameshapimwa malaria, shinikizo la damu na sukari. Kwa kawaida hakuna aliyemuuliza anapikia nini.

Wapo watakaosema kwamba hesabu za Ramanathan juu ya masizi zimepingwa. Ni kweli. Mwaka 2008 yeye na Gregory Carmichael waliandika kwamba masizi huenda yanashika nafasi ya pili baada ya kabonidayoksaidi katika kuipasha joto dunia. Makadirio ya baadaye ya jopo la kimataifa la tabianchi yameishusha nafasi hiyo, kwa sababu moshi una chembe nyingine ambazo hupoza. Mwanasayansi wa kweli huacha kazi yake ipimwe na wengine, na tuzo haimwondolei mtu haki ya kusahihishwa. Lakini daktari hahitaji kuusubiri uamuzi wa mabishano hayo. Hata kama masizi yasingeipasha dunia joto hata kidogo, yangebaki kuwa masizi ndani ya mapafu. Kinachobaki imara katika hoja ya Ramanathan ni muda: kabonidayoksaidi inayotoka leo itaendelea kuathiri dunia kwa karne kadhaa, ilhali masizi huanguka kutoka hewani ndani ya siku chache au wiki chache. Moto ukizimwa, hewa ya kijiji husafika kabla ya kliniki ijayo ya mtoto.

Tatizo kubwa zaidi liko kwingine, na wanaopenda kampeni hawapendi kulisikia. Huko Malawi, katika wilaya za Chikwawa na Karonga, watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 10,000. Nusu ya familia zikapewa majiko yaliyoboreshwa yanayotumia kuni kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: nimonia haikupungua. Walioungua kwa moto wa jikoni walikuwa wachache zaidi, na hilo si dogo, lakini nimonia ilibaki pale pale. Kisha ukaja utafiti mkubwa wa majiko ya gesi katika nchi nne, Rwanda ikiwa mojawapo. Moshi waliovuta akina mama ulipungua sana. Hata hivyo uzito wa watoto waliozaliwa haukuongezeka kwa kiasi cha maana, wala nimonia kali ya watoto wachanga haikupungua kwa kiwango kilichotarajiwa.

Majibu hayo yanaumiza, na yanapaswa kusomwa polepole. Yanaweza kumaanisha kwamba mtoto mwenye jiko safi bado huvuta moshi wa jirani, wa takataka zinazochomwa uani na wa kibatari. Yanaweza kumaanisha kwamba jiko lililoboreshwa kidogo halitoshi, au kwamba madhara ya mama yalianza miaka mingi kabla ya mimba. Hayamaanishi kwamba moshi hauna madhara. Yanamaanisha kwamba ahadi ya "jiko moja kwa kila nyumba na nimonia kwisha" haikuwa sayansi. Ramanathan aliingia vijijini kaskazini mwa India na mradi wake wa Surya. Alipeleka vipimo pamoja na majiko, ili ijulikane ni nani hasa anayelitumia jiko jipya na ni nani aliyelifunika kwa gunia na kurudia mafiga. Hapo ndipo anapostahili kuigwa kuliko mahali pengine pote.

Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi katika nishati safi ifikapo mwisho wa kipindi hicho. Mitungi ya gesi ya kilo 6 imegawiwa kwa ruzuku katika wilaya nyingi. Ni hatua ya kusifiwa. Swali ambalo mtumishi wa afya ana nafasi ya pekee ya kulijibu ni mtungi unakuwaje baada ya gesi ya kwanza kwisha. Yeye humwona mama kila mwezi kliniki. Anaweza kuuliza maswali matatu: unapikia nini, wapi, na jana ulipikia nini? Swali la tatu ndilo lenye thamani, kwa maana la kwanza hujibiwa kwa heshima na la tatu hujibiwa kwa ukweli. Majibu yakiandikwa katika kadi ya mtoto na katika faili la mgonjwa wa kifua, baada ya mwaka mmoja wilaya itakuwa na picha ambayo hakuna mradi ulioweza kuinunua.

Swali lisiwe hukumu. Mama ambaye gesi imekwisha na hana fedha ya kujaza mtungi aambiwe yanayowezekana leo: apikie nje au penye upenyo wa hewa, kuni ziwe kavu, mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupuliza moto, na jiko la mkaa lisilazwe ndani ya chumba kilichofungwa hata usiku wa baridi, kwa sababu gesi yake huua bila harufu. Mgonjwa anayesoma haya naye asisubiri kuulizwa. Aseme mwenyewe kwa daktari: "Nimepikia kuni miaka 30." Sentensi hiyo inaweza kubadili utambuzi wa ugonjwa wake.

Limebaki jambo la aibu kidogo. Serikali imezielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na majiko makuu ya hospitali nyingi yanabadilika. Lakini nyuma ya wodi za hospitali nyingi za wilaya kuna banda la bati lisilohesabiwa kuwa jiko la taasisi. Ndugu wa wagonjwa hupikia hapo, kila familia na mafiga yake, alfajiri na jioni. Upepo ukigeuka, moshi huingia kwa madirisha ya wodi ya watoto, na muuguzi huyafunga, akawaacha watoto wenye nimonia katika hewa iliyosimama. Kila mtu amelizoea banda hilo. Halimo katika bajeti ya nishati safi kwa kuwa si mali ya idara yoyote, na wanaolitumia hukaa siku nne au tano kisha wakaenda zao. Majiko machache ya umeme au ya gesi yenye mita ya kulipia kidogo kidogo, na mlinzi wa kuyatunza, yangetosha kuanzia. Kamati ya uendeshaji ya hospitali inaweza kuliweka suala hilo katika ajenda ya kikao chake kijacho, kabla makisio ya mwaka wa fedha hayajafungwa.